Mashine ya kukimbilia ya kukunja: ya katikati, ya bapa, ya kusimamisha au isiyo na mota?

Ukiingia dukani kuulizia mashine ya kukimbilia, muuzaji atakuanzia na mota: hosipawa ngapi, kasi gani, skrini inaonyesha nini. Hayo yana nafasi yake. Lakini kwa anayeishi kwenye vyumba viwili na sebule, kitakachoamua kama mashine itatumika au itageuka pa kuanikia nguo ni lile jambo ambalo muuzaji hulipitia haraka mwishoni: inakunjwaje, na nani ataikunja kila siku.

Mhandisi akitaka mashine ikunjike, lazima akate mahali fulani kitu kilichokuwa kizima: ubao ulio chini ya mkanda wa kukimbilia, fremu, au nguzo za kushikia. Kila anapokata anaweka bawaba, na kila bawaba ina gharama yake. Ama uimara unapungua, ama mkanda unafupishwa, ama uzito unaongezeka. Ndiyo maana mashine kubwa za jimu hazikunjwi. Kwa hiyo hapa silinganishi majina ya kampuni. Nalinganisha mahali palipokatwa, kwa sababu mashine za muundo mmoja hufanana sana kwa ndani hata nembo zikitofautiana.

Kwanza, unatembea au unakimbia?

Wengi hununua mashine ya mkimbiaji ilhali watakachofanya ni kutembea. Hakuna aibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka, kilomita 5 au 6 kwa saa, kunahesabika. Ukitembea dakika 30 kwa siku tano, umefika. Mashine inayoishia kilomita 6 kwa saa inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Kukimbia ni hesabu nyingine. Mkimbiaji anapotua, ubao hupokea nguvu ya mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Mtu wa kilo 80 anaupiga ubao kama kilo 160 hadi 200, tena na tena, zaidi ya mara 150 kwa dakika. Halafu kuna urefu wa hatua. Ukikimbia kilomita 9 kwa saa kwa hatua 160 kwa dakika, kila hatua ni sentimita 94 hivi. Hata ukitoa ule muda ambao miguu yote iko hewani, mkanda wa sentimita 100 unakuacha bila nafasi ya kukosea. Ukisogea nyuma kidogo tu, umeshuka. Mkimbiaji wa urefu wa kawaida atafute mkanda wa sentimita 120 kwenda juu, na aliyepita sentimita 175 aanzie 135.

Amua hilo kabla ya kutoka nyumbani, maana dukani kila mtu hujiona mkimbiaji.

Inayokunjwa katikati ya ubao

Hii ndiyo inayovutia zaidi kwenye video. Unainama, unashika upande mmoja, unaufunika juu ya mwingine, na mashine iliyokuwa na urefu wa mita moja na nusu inabaki nusu yake. Unaisukuma kwa magurudumu yake madogo hadi nyuma ya kochi. Kwa kuokoa nafasi hakuna inayoishinda.

Tatizo liko chini ya miguu. Ubao si kipande kimoja tena, ni vipande viwili vilivyokutana katikati, na pale vinapokutana ndipo unapokanyaga. Mkanda nao lazima upinde palepale kila unapokunja. Kwa mtembeaji hili halisumbui sana. Kwa anayekimbia, unganisho hilo ndilo la kwanza kulegea, na ukishaanza kuhisi kigongo kidogo chini ya soli, ujue bawaba imeanza kucheza. Vumbi nalo hupenda kuingia kwenye ufa huo. Kama nyumba yako iko kando ya barabara ya vumbi, utaifuta mara nyingi kuliko ulivyopanga.

Nyingi za aina hii huja na vikomo viwili vya kasi: kilomita 6 kwa saa mkono wa kushikia ukiwa umelala, na 10 au 12 ukiusimamisha. Hiyo 12 ni ya kwenye karatasi. Mimi ningeichukulia kama mashine ya kutembea inayoweza kuvumilia mbio za taratibu za dakika chache.

Bapa, ya kusukumia chini ya kitanda

Hapa ubao haukatwi. Kinachokunjwa ni mkono tu, au hakuna mkono kabisa, na mashine yote ni bapa la unene wa sentimita 10 hadi 20. Kwa kuwa ubao ni mzima, mguu hauhisi unganisho lolote, na vitu vya kuharibika ni vichache. Kwa bei, mara nyingi hii ndiyo nafuu zaidi kati ya zenye mota.

Ila urefu wake haupungui. Unahitaji kitanda chenye uwazi chini, na vitanda vyetu vingi vya mbao ama vina droo ama fremu yake inakaribia sakafu. Chukua futi kamba upime kutoka sakafuni hadi kwenye ubao wa pembeni wa kitanda, si hadi kwenye chaga, maana ubao wa pembeni ndio utakaoizuia. Kuisimamisha ukutani inawezekana kama mtengenezaji ameruhusu. Nyingine zikisimamishwa huanguka kwa sababu mota yote iko upande mmoja.

Kama ina mkono unaokunjwa, chunguza pale chini mkono unapoungana na ubao. Nyaya za skrini hupita hapo, na kila ukikunja zinapinda. Zikianza kukatika kwa ndani, skrini huandika herufi E na namba, mashine inagoma, na unaweza kudhani mota imeungua kumbe ni waya wa bei ndogo. Fundi mwelewa huanzia hapo kabla hajafungua kitu kingine.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema: kumnunulia mama au baba bapa lisilo na mkono kwa sababu daktari amesema atembee. Mtu mwenye magoti yanayouma, kizunguzungu au presha asipande mkanda unaotembea bila kitu cha kushika. Kwake, nguzo za pembeni na kasi inayoanzia kilomita 1 kwa saa au chini ya hapo ni muhimu kuliko wembamba wote wa dunia.

Inayosimamisha ubao

Muundo wa siku nyingi, na kwa mkimbiaji bado ndio bora. Nguzo na skrini zinabaki zilipo. Ubao ndio unaoinuka kutoka nyuma hadi unasimama karibu wima, na komeo linaushika. Ubao ni kipande kimoja, mkanda haupindi popote, mota ina nafasi ya kupumua, na fremu ni nzito kiasi cha kutulia unapokimbia.

Uzito huohuo ndio adui wa anayekunja. Mashine nzima huwa kilo 45 hadi 80, na sehemu kubwa ya uzito huo uko kwenye unachokiinua. Hapo ndipo shokapu ya gesi inapoonyesha kazi yake, ileile inayobeba mlango wa nyuma wa gari. Ikiwa nzuri, unainua kwa mikono miwili bila kukaza mgongo, unasikia komeo likijifunga “ta!”, na wakati wa kushusha unakanyaga pedali, unauachia ubao, unashuka wenyewe taratibu mpaka sakafuni. Ikiwa mbovu au haipo kabisa, ubao unashikiliwa na pini ya kuchomeka tu. Siku pini ikisahaulika na mtoto akaegemea, utajua kwa nini ile ya shokapu iliuzwa ghali.

Jingine ni kwamba “inakunjwa” hapa haina maana ya “inapotea”. Ikishasimama bado inakula sakafu ya sentimita 75 kwa 80 hadi 100, na kimo chake kinakaribia cha friji. Mgeni ataiona. Kama hilo linakukera, rudi kwenye mbili zilizotangulia.

Isiyo na mota

Hizi huendeshwa na miguu yako. Zile za jimu zenye ubao uliopinda kama beseni ni nzuri sana, ila kwa kawaida hupita kilo 100 na hazikunjwi, basi tuziache. Zinazouzwa kwa nyumba ni nyepesi, zina mwinuko wa kudumu na gurudumu zito la kusaidia mkanda uzunguke. Hazitaki umeme, zinakunjika kirahisi, na bei yake ni ya chini kuliko zote.

Nitasema ninavyoona: sizipendi. Mkanda wake ni finyu, na ili uzunguke lazima ushike mkono na kusukuma kwa nyayo huku umeinama mbele. Huo si mwendo wa kutembea, ni mwendo wa kusukuma mkokoteni. Kwa mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha zina hoja yake. Kwingine kote, pesa hiyo itie kwenye raba nzuri na kamba ya kuruka.

Kwa haraka, zikiwa bega kwa bega

| Muundo | Kasi ya juu (km kwa saa) | Mkanda, upana × urefu (sm) | Uzito (kilo) | Ikishakunjwa |
|---|---|---|---|---|
| Katikati | 6. Hadi 12 mkono ukisimama | 40–44 × 110–120 | 25–35 | Urefu unabaki nusu, nyuma ya kochi |
| Bapa | 6. Chache hadi 12 | 40–44 × 100–120 | 18–30 | Unene sm 10–20, urefu uleule |
| Kusimamisha | 12–16 | 42–50 × 120–140 | 45–80 | Kimo sm 140–160, inaonekana |
| Bila mota | Miguu yako | Chini ya 40 × 100–115 | 20–30 | Inaegemezwa ukutani |

Ni vipimo vya kawaida vya sokoni. Utakutana na mashine zinazovuka mipaka hii kidogo, juu au chini.

Kipimo ambacho hakiingii kwenye jedwali ni nafasi ya kutumia. Miongozo ya watengenezaji huagiza uache mita 2 tupu nyuma ya mashine na nusu mita kila upande, kwa sababu ukiteleza unatupwa nyuma. Sasa piga hesabu: mashine ya mita 1.6, ongeza mita 2, ni mita 3.6. Sebule ya mita nne kwa nne imekwisha, na meza ya kahawa lazima ihame kila asubuhi. Kukunja kunakupa nafasi mashine ikiwa imezimwa tu. Kinachofanyika mara nyingi ni kuisukuma ukutani na kuitumia ikiwa nyuma yake kuna ukuta au kona ya kabati. Huko ndiko wanakoumizwa watu.

Hosipawa za kwenye boksi

Usiingizwe mkenge na namba kubwa. Hosipawa moja ni wati 746. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ya ampia 13, na kwa volti 230 hiyo ni wati 3,000 hivi, yaani hosipawa 4 kabla hujatoa umeme unaopotea kama joto. Kwa hiyo bapa la kilo 22 lililoandikwa “4 HP” linakutajia nguvu ya kilele, ile ambayo mota inaweza kuigusa kwa muda mfupi sana. Pindua mashine uangalie stika ya chini. Ukikuta imeandikwa 550W, hiyo ni robo tatu ya hosipawa. Kwa kutembea inatosha. Kwa kukimbia tafuta inayotaja nguvu ya kuendelea, ile ambayo mota huitoa muda wote, ya hosipawa 1.5 hadi 2 au zaidi, hasa kama umepita kilo 85.

Mota ya brashi (vipande vya makaa vinavyopeleka umeme ndani ya mota) na isiyo na brashi ni tofauti ya kweli. Isiyo na brashi ni tulivu, haina makaa ya kubadilisha, na mashine nyembamba nzuri huitumia. Ila tofauti hiyo isikupofushe macho kama ubao ni mfupi.

Umeme wenyewe hauliwi kama watu wanavyoogopa. Chukua wastani wa wati 500 kwa dakika 45 kila siku: kwa mwezi ni uniti 11 na kidogo. Kwa Tanzania, shilingi elfu kumi ya LUKU inatoa uniti 28 hivi kabla ya makato ya kodi ya jengo, kwa hiyo ni kama elfu nne kwa mwezi. Wanaopaswa kuangalia ni walio kwenye kundi la matumizi madogo lenye mwisho wa uniti 75, kwa kuwa hizo 11 zinaweza kuwavusha mstari, na uniti za juu yake zina bei tofauti kabisa.

Kukatika kwa umeme ni jambo zito zaidi. Ukiwa unakimbia na umeme ukakata, mkanda unasimama na wewe bado una mwendo. Shika nguzo, na usijizoeze kukimbia mikono ikiwa mbali nazo kama mtaa wenu una kawaida hiyo. Umeme unaopanda na kushuka huua kadi ya kuendeshea mota, ambayo ndiyo spea ghali kuliko zote, basi stabilaiza yenye uwezo wa kutosha si anasa. Inveta ndogo ya taa na televisheni usiijaribie.

Ndugu aliye Marekani akikutumia mashine kwenye kontena, jua ni ya volti 120 na utahitaji transfoma nzito ya kushusha umeme. Iliyotoka Dubai haina shida hiyo: volti na plagi ni kama zetu.

Pwani na watoto

Ubao wa mashine nyingi umetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na kufunikwa tabaka la kuteleza. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar unyevu huupata kupitia kingo ambazo hazikuzibwa. Ukiinua mkanda pembeni na kupitisha kidole ukingoni, ubao uliokunywa maji unausikia: umevimba na una chembechembe kama chapati iliyolowa. Mkanda unasugua hapo, mota inakaza, umeme unaliwa. Ile ya kukunja katikati ina kingo mbili za ziada pale ubao ulipokatwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitilia shaka kama unaishi karibu na bahari. Kokote uliko, chini ya mkanda weka mafuta ya silikoni peke yake. Mafuta ya kupikia na ya cherehani huharibu mkanda.

Kuhusu watoto, Mei 2021 kampuni ya Peloton ilitangaza kuzirejesha kutoka kwa wateja mashine zake za kukimbilia za Tread+ zilizouzwa Marekani, zipatazo 125,000, baada ya mtoto mmoja kufariki na taarifa zaidi ya 70 za watu, wanyama na vitu kuvutwa chini ya mashine kwa nyuma. Ile ilikuwa mashine kubwa isiyokunjwa, lakini pengo la nyuma kati ya mkanda na sakafu lipo kwenye mashine nyingi. Pima pengo la ile unayotaka kununua. Na hapa kukunja kunakusaidia kweli: mashine iliyokunjwa, plagi imechomolewa na ufunguo wa usalama (ule ambao bila huo mkanda hauzunguki) uko juu ya kabati, haiwezi kuvuta mkono wa mtu. Bapa lililoachwa wazi sebuleni na rimoti juu ya kochi ndilo la kuogopa.

Ningechukua ipi

Anayeishi peke yake au na mwenza kwenye nyumba ya kupanga, anayetembea tu, na anayehama kila baada ya mwaka au miwili: bapa, lenye mkono, ubao mzima. Anaweza kulibeba na mtu mmoja wa kumsaidia. Ya kukunja katikati ningeinunua pale tu ambapo futi kamba imeshakataa bapa kila mahali.

Anayekimbia kweli, zaidi ya mara mbili kwa wiki: ya kusimamisha, yenye shokapu, mkanda wa upana wa sentimita 45 au zaidi. Akiwa na barabara salama na muda wa alfajiri, abaki barabarani na pesa yake. Mzazi mtu mzima naye anafaa hiyohiyo ya kusimamisha, kwa sababu ya nguzo zake, ila isiwe yeye wa kuikunja.

Nyumba yenye mtembeaji na mkimbiaji ifuate mahitaji ya mkimbiaji. Mtembeaji atatumia mashine ya mkimbiaji bila shida, kinyume chake hakiwezekani.

Dukani mwambie muuzaji asogee pembeni, na atakayekuwa anaikunja nyumbani ndiye aikunje na kuikunjua, mara kadhaa, bila msaada. Kisha apande, aiweke kilomita 5 kwa saa, atembee dakika tano. Mkanda ukikimbilia kushoto, mwombe fundi akaze boliti ya nyuma ya kushoto robo mzunguko kwa alenki uone kama unarudi katikati. Ukirudi, ni marekebisho ya kawaida. Ukigoma, huenda rola, lile bomba la nyuma linalozungukwa na mkanda, imepinda. Chagua boksi lingine. Uliza kama mkanda, kadi na shokapu za mashine hiyo vipo kama spea hapo hapo dukani, na kama bei ni pamoja na kuipandisha ghorofani. Ukikaa ghorofani nunua na mkeka mzito wa mpira siku hiyohiyo, kwa sababu jirani wa chini hataisikia mota, atasikia nyayo zako.